Unasali wapi? Maneno ya dini na mtu asiye na kanisa

Leo sina habari ya barabara wala ya bei ya maharagi. Nina maneno tu, na mwenye kunipa maneno hayo ni mama mmoja mzee kutoka Masisi, ambaye wote pale kambini walimwita Koko.

Ilikuwa Bulengo, kandokando ya Goma, kabla kambi hazijavunjwa Februari 2025. Nilikuwa nimekwenda kuuliza habari za maji. Koko aliniangalia kitambo, akauliza: "Papa, weye unasali wapi?"

Mnajua hapa kwetu swali hilo si la kusali. Ni la kutambuana, kama kuuliza mtu ni wa kilima gani. Mmoja atasema nasali kwa Wakatoliki, mwingine CEPAC, mwingine Waadventista, mwingine kanisa la uamsho lile la mbao karibu na soko. Mimi nilijibu ukweli: sisali popote, Koko, na sidhani kuna anayesikiliza. Wanawake waliokuwa wakimenya mihogo wakanyamaza. Koko akacheka. "Basi weye ni mpagani!"

Nikapokea. Lakini usiku nikalifikiria lile neno. Mpagani limetoka kwa Walatini, waliosema paganus wakimaanisha mtu wa kijijini. Imani mpya ilipojaa mijini katika dola la Roma, watu wa vijiji walibaki na mizimu yao, na jina la mwanakijiji likageuka kuwa jina la asiyeamini. Waliosoma Kifaransa watazame vizuri: paysan na païen ni watoto wa nyumba moja. Sasa kati yangu mimi mtu wa Goma na Koko aliyeacha shamba lake la viazi Masisi, mpagani hasa ni nani?

Neno la pili ni kafiri, la Waislamu wa pwani na wa Maniema. Kwa asili ni mtu anayefunika, anayeficha ukweli. Lakini katika Kiarabu cha kale neno hilohilo liliweza kumtaja mkulima, maana naye hufunika mbegu kwa udongo. Tena mkulima! La tatu ni mshenzi. Wabelgiji walilichukua kwa midomo yetu, wakasema basenji kwa watu wa vijijini, ili kuwatenga na wale waliosoma, ambao tangu 1948 wangeweza kuomba kadi ya "mérite civique". Leo huko Ulaya Basenji ni jina la aina ya mbwa aliyetoka Kongo, mbwa asiyebweka. Kwa hiyo majina yote matatu ambayo ningeweza kuitwa, mpagani, kafiri na mshenzi, yanamrudia mtu wa shamba. Hakuna hata moja linalosema mtu huyo anafikiri nini.

Maneno ya dini yenyewe ni wakimbizi kama Koko, yamepita njia ndefu yakibeba vifurushi. Kabla ya mapadri, Kiswahili kilikuwa kimeshavuka ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa, kikafika Kasongo na Nyangwe. Kardinali Lavigerie alianzisha shirika la Mapadri Weupe huko Algiers mwaka 1868. Watu wake walifika Ujiji 1879, na 1885 wakapewa kituo cha Mpala, upande wetu wa ziwa. Walivaa kanzu nyeupe ya Kiarabu na rozari shingoni. Walikuja kupingana na Waarabu, lakini walivaa kama wao, na hata maneno ya kumwelezea Mungu wao waliyakuta yameshachongwa na wale wale. Dini, imani, sala, roho, shetani, malaika, msalaba, hata kanisa: yote ni ya Kiarabu, au yamepitia huko. Padri na misa ni ya Wareno waliokaa pwani karne nyingi nyuma. Mwaka 1917 Stefano Kaoze alipopewa upadri, wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji, cheo chake kilikuwa cha Kireno na kanisa lake la Kiarabu.

Na misa ni nini? Ni neno la mwisho la ibada ya Kilatini, pale watu wanapoambiwa: nendeni, mmeruhusiwa. Ibada nzima imeitwa kwa jina la kutawanyika. Nilipomwambia Koko, alisema ndiyo maana vijana wanaipenda dakika ile ya mwisho.

Dini ina ndugu anayeitwa deni. Katika Kiarabu mzizi wao ni mmoja. Hapo siongezi kitu, maana wachungaji wa fungu la kumi wanasoma ukurasa huu. Askofu kwa Kigiriki ni mwangalizi tu, kazi kama ya rais wa kambi, ila rais wa kambi hana gari. Injili ni habari njema. Malaika ni mjumbe. Mtume ni mtu aliyetumwa. Mwandishi wa habari anajikuta amezungukwa na ndugu, tofauti yao na mimi ni kwamba wao walitumwa na habari njema.

Mungu mwenyewe ni mwenyeji. Ni wa Kibantu, ndugu wa Mulungu anayetajwa toka pwani hadi Malawi. Lakini hapa kwetu naye alifika akiwa mgeni, akakuta Wanande wana Nyamuhanga, Washi wana Nyamuzinda, Waluba wana Vidye, Watabwa wana Leza. Wamisionari walisema hayo yote ni majina ya mmoja. Labda. Mtu kama mimi anaona pia kwamba kila watu walitaja kwa sauti yao kile wasichokijua, na hakuna aliyepigana na jirani kwa ajili ya herufi.

Kupigana kulikuja na vitabu. Wale wa Masisi, Walikale na Lubutu wamesikia kwa wazee neno Kitawala. Kule Marekani kulikuwa na dini ya vitabu na magazeti yaliyoitwa Watch Tower, maana yake mnara wa mlinzi. Mafundisho yake yalifika Nyasaland, yakapanda na wafanyakazi wa migodi hadi Katanga katika miaka ya 1920. Midomo ya Waswahili ikapokea "tower", ikaona haina maana, ikaipa maana: kutawala. Mnara wa mlinzi ukageuka kuwa utawala. Sijui kama lipo kosa la kusikia lililowahi kuitisha serikali kama lile! Waamini walisema utawala wa wazungu unakwisha. Mwaka 1944, katika Masisi na Lubutu, Bushiri Lungundu aliongoza uasi, askari wakauzima kwa bunduki. Kitawala kilipigwa marufuku, na wafuasi wengi wakang'olewa kwao, wakapelekwa kuishi chini ya ulinzi mbali na ndugu zao. Hivyo hivyo walifanyiwa wafuasi wa Simon Kimbangu, ambaye mwenyewe alikaa gerezani toka 1921 hadi alipofia humo Elisabethville mwaka 1951. Kwa hiyo kufukuzwa nyumbani kwa sababu ya jina ulilopewa si jambo la jana katika nchi hii.

Siwasifu wote walioonewa. Katika mafundisho hayohayo ya mnara alitoka Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, mwana wa Mungu. Mwaka 1925, Rhodesia ya Kaskazini kisha Katanga, alibatiza watu mtoni. Ambaye maji hayakumfunika vizuri alisemwa ni mlozi, akazamishwa mpaka afe. Waingereza walimnyonga 1926.

Mlozi. Hilo halikuja na meli ya mtu. Ni la kwetu kabisa, mzizi wake ni mmoja na ndoki ya watu wa Kinshasa, na ndilo pekee katika maneno haya ambalo silichezei. Najua mama mjane ambaye watu wa kartie yake walimwita hivyo baada ya mtoto wa jirani kufa kwa homa. Alitoka usiku na mtoto mgongoni, bila sufuria. Vita havikumkimbiza, neno lilimkimbiza. Na aliyelitamka kwanza alikuwa ametoka kwenye maombi. Mtu akiniita mpagani tunacheka pamoja. Akimwita mwingine mlozi, mawe yanaokotwa. Wazazi na wachungaji wajue: sheria ya 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, kifungu cha 160, inamfunga mwaka 1 hadi 3, na faini juu yake, yule anayemsingizia mtoto uchawi. Mjane mzee hana kifungu chake katika sheria hiyo.

Na sisi tusiosali, tuna neno letu? Tuna la kuazima: laïc. Nalo ni la kanisani! Kwa Kigiriki ni mtu wa kawaida wa umati, ndiyo maana Wakatoliki wana walei, waamini wasio mapadri. Mkataba wa 1906 kati ya Leopold na Vatikano uliwapa wamisionari ardhi ili wajenge shule, na kwa miaka mingi mtoto aliyetaka kusoma alipitia kwao. Mwaka 1954 waziri Buisseret, mtu wa chama cha Waliberali wa Ubelgiji, akaanza kufungua shule za serikali kwa watoto Waafrika, zisizo za misheni, zikaitwa "laïques". Maaskofu walikasirika sana. Baadaye Mobutu naye aliondoa majina ya Kikristo, na 1974 akaondoa Noeli katika sikukuu. Lakini yeye hakuwa mtu wa mawazo huru, kwani jioni kwenye televisheni uso wake ulishuka kutoka mawinguni kabla ya habari. Leo kifungu cha 1 cha Katiba ya 2006 kinasema nchi yetu ni "laïc", na cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Tarehe 31 Desemba 2017 waliotoka barabarani kudai uchaguzi, wakapokelewa kwa risasi, waliitwa na kamati ya walei, na rozari mkononi. Neno moja, pande mbili. Siku ile mimi nilisimama upande wa rozari, bila rozari.

Haya yote nilimsimulia Koko kwa vipande, jua likishuka. Nilimwambia pia kwamba imani, amani, amana na amina vina mzizi mmoja, na kwamba mimi la kwanza sina ila la pili nalitafuta kama yeye. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Kwa hiyo Jumapili asubuhi hauna kazi?"

Nikasema sina.

"Vizuri. Sisi wote tunakwenda kusali, na kila Jumapili wezi wanabeba sufuria. Weye utakaa hapa."

Nilikaa Jumapili saba. Hakuna sufuria iliyopotea. Moja tu iliungua, ya sombe, kwa sababu nilikuwa ninasoma, na jioni ile Koko aliwatangazia wote kwamba mpagani hawezi kuaminiwa hata na moto.