Noonkopir, Kabla Iitwe Kitengela

Pale Nairobi makanga huita "Kite! Kite!" Hakuna anayeita Noonkopir. Lakini shuka steji ya Kitengela, uliza wazee mji ulianzia wapi, na jina utakalopewa ni hilo. Siku hizi Noonkopir ni mtaa tu ndani ya mji: vyumba vya mabati na ploti za kupangisha, jirani na maghorofa yaliyokuja juzi. Kwa Kimaa, nkopir ni manyoya ya ndege. Ni jina la mbuga, sio la mji.

Na mbuga ilikuwepo kweli. Mwaka 1946 Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilipoanzishwa, upande wa kusini uliachwa wazi ili nyumbu na punda milia wateremke nyanda za Kitengela wakati wa mvua. Huko waliwakuta ng'ombe wa Wamaasai, jamii ambayo mikataba ya 1904 na 1911 ilikuwa imeshaipokonya malisho yake ya kaskazini.

Kilichobadilisha mambo ni karatasi. Ardhi ilikuwa ranchi ya kikundi, mali ya wanachama zaidi ya 200. Mwaka 1988 ikagawanywa, kila mmoja akapata hati yake. Ng'ombe ukimuuza, ameenda mmoja. Hati inauzika yote, hasa ukame ukikutana na karo.

Miaka miwili baadaye serikali ikaanzisha mpango wa EPZ, na viwanda vya nguo vikajengwa Athi River, hapo jirani tu. Wafanyakazi walitaka chumba cha bei nafuu karibu na barabara ya Namanga. Noonkopir ilikuwa nacho. (Kajiado ilikuwa na reli ya Magadi na ofisi zote za wilaya, na bado ikaachwa nyuma!)

Mwaka 2000 ukaja mradi wa kuwalipa wenye ardhi wasijenge ua wala kuuza: dola 4 kwa ekari, kwa mwaka, pesa zikitolewa wakati wa karo. Wazo zuri, na wengi walijiunga. Ila piga hesabu. Ekari moja inatoa ploti nane za hamsini kwa mia, na kila ploti ina mnunuzi anayesubiri.

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 Kitengela. Wengi wao hupita Noonkopir kila asubuhi wakielekea steji, na wasichana wa sekondari ya hapo bado wanavaa sweta zenye jina la manyoya.