Jiwe la Watamu Juu ya Kabati la TV

Nyumbani kwetu Kawangware, juu ya kabati la TV, kati ya picha ya harusi ya wazazi na redio isiyowaka, kuna jiwe jeupe lenye vitundu vitundu. Mama hulipangusa vumbi kila Jumamosi. Mgeni akiuliza anaambiwa, "Hilo alileta huyu alipoenda trip Mombasa." Haikuwa Mombasa, ilikuwa Watamu, na hilo si jiwe. Ni tumbawe. Nililivunja mwenyewe maji yakiwa yamekupwa, nikiwa kidato cha pili, nikalificha ndani ya soksi kabla mwalimu hajafika. Mzee aliyetupeleka kwa mashua alikuwa ametuambia, "Wanangu, msikanyage hapo, hivyo viko hai." Tulicheka. Jiwe litakuwa hai aje?

Tulipofika Voi mkoba wangu ulikuwa unanuka kama samaki aliyelala nje ya friji siku tatu. Basi zima lilinitafuta. Ndipo nikaelewa mzee hakuwa akitania.

Miaka mingi baadaye nilianza kusoma historia ya pale nilipoiba, kwanza kwa aibu, halafu kwa udadisi. Kumbe sehemu ile ilikatazwa tangu 1968. Mwaka huo serikali ilitangaza hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika. Kenya ilikuwa na uhuru wa miaka mitano tu, na mkurugenzi wa mbuga za taifa alikuwa Perez Olindo, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo. Mojawapo ya mambo yaliyowasukuma ni biashara ya kombe na matumbawe: watalii walikuwa wakiyabeba nyumbani kama kumbukumbu, na wauzaji wakiyang'oa ili kuwauzia. Yaani kosa langu ndilo hasa lililofanya hifadhi iwekwe. Sikuwa hata mbunifu.

Kilichonishika zaidi ni jinsi bahari inavyolindwa. Ukishuka 46 pale Ambassadeur, ukatembea hadi Haile Selassie Avenue, utafika kwa Mpiga Chapa wa Serikali. Pale ndipo Gazeti Rasmi huchapwa. Waziri anatia sahihi, tangazo linachapwa, na kuanzia siku hiyo kipande cha bahari kilicho kama kilomita 500 kutoka hapo kina mpaka. Samaki hajui. Mvuvi naye, mara nyingi, alijua baadaye.

Sheria yenyewe si ngumu. Kuna hifadhi kamili, ambamo hakuna kuvua kabisa, na kuna eneo la akiba linaloizunguka, ambamo mtu anaruhusiwa kuvua kwa njia za jadi, kama mshipi na dema. Baada ya Malindi na Watamu ikaja Kisite, kusini karibu na Shimoni, mwaka 1973, mipaka yake ikapangwa upya 1978. Kiunga ikafuata 1979, kama akiba, halafu Mombasa mwaka 1986. Ukisikia orodha hiyo utadhani tumefunga nusu ya Bahari ya Hindi. Hebu tupige hesabu. Malindi ni kama kilomita za mraba 6, Watamu 10, Mombasa 10, Kisite 28. Jumla 54. Mbuga ya Nairobi, ile unayoiona ukiwa kwa matatu ya Lang'ata, ina 117. Kwa hiyo hifadhi kamili zote nne za matumbawe zinaingia ndani ya mbuga moja ya jiji na nafasi ya zaidi ya nusu inabaki. Makao makuu ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, linalozisimamia tangu lianzishwe miaka ya mwisho ya themanini, yako palepale langoni, Lang'ata Road. Sijui kama kuna mtu pale amewahi kusimama dirishani akapima kwa macho.

Je, ilisaidia? Kwa sehemu, ndiyo, na ni vizuri kulisema hili kabla ya kulalamika. Mfano mzuri ni Mombasa. Tangazo lilitoka 1986 lakini ulinzi wenyewe ulianza miaka ya tisini mwanzoni, kwa hiyo wanasayansi, akina Tim McClanahan na Nyawira Muthiga, walipata nafasi ya kuona mabadiliko yakitokea. Pale watu walipokuwa wamevua sana, kikande alikuwa amekwisha. Kikande ndiye samaki mwenye meno ya kuvunja wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu ambao ukiwakanyaga unalia. Akiisha, wenye miiba wanajaa, nao kazi yao ni kuguguna mwamba usiku na mchana. Uvuvi ulipozuiwa, samaki walirudi, kikande akarudi, miiba ikapungua, mwamba ukapumua. Sijawahi kupata maelezo mazuri zaidi ya kwa nini mtu azuiwe kuvua samaki mmoja ili kulinda kitu kingine kabisa.

Lakini waliokuwa wakivua ndani ya mstari huo walienda wapi? Walisukumwa kwa sehemu iliyobaki, wakabanana. Watu wa kusini waliona. Kwa hiyo mwaka 1995 serikali ilipotangaza akiba mpya ya bahari kati ya Diani na Chale, wavuvi walikataa. Hoja yao haikuwa kwamba mwamba haufai kulindwa. Walijua mwamba kuliko yeyote aliyekuwa na kalamu Nairobi. Walichoogopa ni kwamba leo ni akiba, kesho ni hifadhi kamili, na keshokutwa ni mahoteli tu. Akiba ya Diani ikabaki kwenye karatasi. Ipo, ina namba, ina ramani, lakini baharini haikushika.

Halafu ikaja 1998. Ukimuuliza Mnairobi yeyote mwenye umri wa kutosha kuhusu El Nino atakuambia mvua: barabara zilizokatika, matope ya Kawangware yaliyomeza viatu. Hakuna atakayekuambia joto. Lakini baada ya mvua zile, mapema 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida na kukaa hivyo kwa wiki nyingi. Ndani ya tumbawe kuna mwani mdogo sana, usioonekana kwa macho, unaolilisha na kulipa rangi. Joto likizidi, tumbawe linautapika mwani huo na kubaki jeupe. Maji yasipopoa upesi, linakufa. Mwaka huo, sehemu nyingi za pwani ya Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai, na mpaka wa 1968 haukuyakinga ya Malindi wala ya Watamu. Joto halisomi Gazeti Rasmi.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu niliangalia kabati la TV. Mama husifia jinsi lile jiwe lilivyo safi, jeupe pepepe. Weupe huo ni mifupa.

Hatua iliyofuata haikutoka tao. Huko Kuruwitu, karibu na Vipingo, wazee waliokumbuka bahari iliyojaa samaki walikaa chini na wavuvi wenzao, na mwaka 2005 wakafunga wenyewe kama hekta 30 za mwamba. Waliita tengefu. Hawakuwa na tangazo la waziri, na sheria ya wakati ule haikuwa na kifungu kilichowafaa vizuri. Walikuwa na maneno waliyokubaliana na macho ya majirani. Samaki walirudi. Serikali, ambayo tayari ilikuwa imepiga marufuku juya mwaka 2001 bila kulimaliza, ilitoa kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo mwaka 2007, zikiwapa wavuvi nafasi ya kusimamia maeneo yao. Mwaka 2017 Kuruwitu ilipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vijiji vingine vikaiga, na leo neno tengefu linatumiwa hata na wataalamu wa serikali.

Na Nairobi? Jiji letu, lisilo na hata bwawa la kuogelea la bure, limeipa bahari jina. Mkataba wa kulinda bahari na pwani za Afrika Mashariki, kutoka Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa, unaitwa Mkataba wa Nairobi. Ulitiwa sahihi hapa tarehe 21 Juni 1985. Ulianza kufanya kazi 1996. Miaka kumi na moja! Hata title deed ya shosho wangu ilitoka mapema. Mwezi Novemba 2018 tukarudia: KICC ikajaa wageni wa mkutano wa dunia wa uchumi wa buluu, na sisi tukatembea kwa miguu hadi kazini kwa sababu ya jam. Mwezi Aprili mwaka huohuo, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeagiza wavuvi wa Lamu walipwe karibu Sh1.76 bilioni kwa hasara waliyopata ujenzi wa bandari mpya ulipochimba na kuchafua maeneo yao. Serikali ileile, bahari ileile, miezi saba tu katikati.

Wikendi iliyopita nilimwambia Mama kuhusu lile jiwe, kila kitu, hadi soksi. Alinyamaza, akaendelea kupangusa.

"Sasa ukilirudisha huko, litashika tena?"

"Hapana, Mama. Lilishakufa kwa basi."

"Basi liache hapo," akasema. "Lakini wageni wakiuliza, utajibu wewe."