Hayo Maandishi ya Mlangoni Si Urembo

Msee, siku ukiwa steji ya Malakisi, cheki mlango wa lori: jina la mwenyewe, sanduku la posta, uzito wake likiwa tupu. Cheki na matatu: mstari wa njano, na njia yake imeandikwa hapo. Mstari huo ulikuja na sheria za Waziri John Michuki za 2003. Zilianza kuuma Februari 1, 2004, pamoja na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kabla ya hapo, makanga alikupangia safari vile anataka. Sasa ubavuni imeandikwa abiria 14, na ndani mko 19? Ushahidi uko nje, umepakwa rangi. Serikali iliandika, kusoma kwa sauti ni kazi yetu. Tukinyamaza, hiyo ni rangi tu.