Neno la leo: Kibla

Kibla ni upande wa Makka, anakoelekea Mwislamu katika sala. Neno ni la Kiarabu. Waswahili wa pwani waliliongezea maana ya kaskazini, kwa sababu ukisimama Kilwa au Unguja, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Ukuta wa kibla ndio unaopangia msikiti umbo lake: katikati yake huwekwa mihrabu, kidaka kirefu chenye tao anamosimama imamu. Mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, ina maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, yaliyochongwa kwenye matumbawe kwa mkono wa fundi hodari kweli.

Wamalay wa Asia ya Kusini-Mashariki husema kiblat. Misikiti yao ya zamani ni ya mbao, yenye mapaa ya tabaka tabaka, na huelekea magharibi, kwa kuwa kwao Makka iko upande huo.

Neno kibla lilifika pia Maniema, mashariki mwa Kongo, katika karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara Waswahili wa Nyangwe na Kasongo. Kwa aliyeko mji wa Kama, wilayani Pangi huko Maniema, kibla si kaskazini kamili: huinama kidogo kuelekea mashariki.