Utapiamlo na Nimonia ya Watoto: Kutoka Mulago hadi Bagamoyo

Katika historia ya tiba ya Afrika ya Mashariki, utapiamlo, yaani hali ya mwili kukosa virutubisho unavyovihitaji, na nimonia, yaani uambukizo unaojaza usaha na majimaji katika vifuko vya hewa vya mapafu, yalihesabiwa kwa muda mrefu kuwa maradhi mawili yasiyohusiana, ingawa mara nyingi yalimkuta mtoto yuleyule.

Mwaka 1935 Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaica aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alieleza katika jarida la Lancet ugonjwa wa kwashiakoo, uliompata mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa mahindi matupu, akavimba miguu na ngozi ikambabuka. Nchini Uganda dalili hizohizo ziliwahi kudhaniwa kuwa za kaswende ya kurithi, na ilichukua miaka kadhaa kabla ya daktari Hugh Trowell na Jack Davies, mtaalamu wa kuchunguza maiti, wote wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, kuthibitisha kwamba chanzo kilikuwa chakula. Davies aliona kongosho lililosinyaa, na ini la watoto hao lilikuwa limejaa mafuta. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Rex Dean wakatoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo.

Hata hivyo, kilichommaliza mtoto wa namna hiyo mara nyingi kilikuwa uambukizo, na nimonia ilikuwa miongoni mwa maambukizo yaliyoongoza. Sababu zake zilieleweka polepole. Mwili usiopata protini hujila wenyewe, hivyo misuli ya katikati ya mbavu hupungua na mtoto hukosa nguvu ya kukohoa ili atoe makohozi. Tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari na ambamo baadhi ya chembe za kinga hukomaa, hunywea. Na pale vitamini A inapopungua, utando unaofunika njia za hewa hudhoofika. Nimonia nayo hulipiza, kwa kuwa homa huongeza matumizi ya nishati wakati uleule mtoto anapokataa kula. Mwaka 1968 watafiti Scrimshaw, Taylor na Gordon waliyakusanya mambo haya katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, wakionyesha kwamba lishe duni na uambukizo huzidishiana nguvu, na madhara yake yakiungana huwa makubwa kuliko jumla ya kila kimoja peke yake.

Uganda ilikuwa imekwisha kuchukua hatua ya busara mwaka 1965, kilipoanzishwa Mulago kituo cha Mwanamugimu, ambamo mama alikaa na mwanawe na kujifunza kupika kitobero, mchanganyiko wa chakula kikuu kama matoke pamoja na maharage, karanga au maziwa, vinavyopikwa pamoja kisha kupondwa. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko linavyoonekana, maana mtoto aliyetibiwa kifua na kurudishwa kwenye sahani ileile hakuwa amepona.

Mkondo mwingine ulitoka Tanzania. Katika miaka ya 1980 wahudumu wa afya wa vijiji vya wilaya ya Bagamoyo walifundishwa kuitambua nimonia na kuitibu kwa vidonge vya antibiotiki ya kotrimoksazoli, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikapungua. Dalili ya msingi ilikuwa kupumua haraka, kipimo kilichopata nguvu kutokana na kazi ya daktari Frank Shann huko Papua New Guinea, kwa kuwa hakihitaji picha ya eksirei. Lakini kipimo hicho kina kasoro isiyopaswa kupuuzwa: mtoto aliyedhoofika sana anaweza kuwa na nimonia bila homa, na bila pumzi kwenda mbio, kwa sababu mwili hauna tena nguvu ya kupambana.

Ndiyo maana mwongozo wa pamoja wa magonjwa ya utotoni, ulioanza kutumika Tanzania na Uganda katikati ya miaka ya 1990, ulimtaka mhudumu ahesabu pumzi na kuchunguza lishe katika ziara moja, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ukaagiza kwamba kila mtoto anayelazwa kwa utapiamlo mkali apewe antibiotiki tangu siku ya kwanza, hata kama hana homa.