Paa la kijani au paa la mimea?

Mwagize fundi wa Dar es Salaam "paa la kijani" naye atakuletea mabati ya geji 28 yenye rangi hiyo. Huko Flemingsberg, kusini mwa Stockholm, mhandisi atakuelewa kwa namna nyingine: udongo uliooteshwa mimea juu ya nyumba. EnergyPlus, programu ya Kimarekani ya kukadiria matumizi ya nishati ya jengo, haichanganyi mawili hayo. Kwa bati, rangi hubadili tu kiasi cha joto la jua linalofyonzwa. Kwa mimea, programu hudai kimo, wingi wa majani, unene wa udongo na unyevu wake, kwani maji yakigeuka mvuke hupoza paa. Basi tuseme paa la mimea. Kijani tuwaachie wauza mabati.