Lubumbashi: rezo haifi kwa uzee, inakufa kwa kukosa mwangalizi

Lubumbashi – Mvua kubwa za mwisho wa mwaka zinapoanza, wakaaji wa komini za Kenya, Katuba na Ruashi wanajua kitakachofuata. Umeme unakatika, na baada ya saa chache rezo nayo inaondoka. Watu wanatoka nje, wanainua simu juu, wanatazama mnara. Mnara umesimama palepale. Mara nyingi kilichokufa ni kitu kidogo kilicho chini yake: betri iliyochoka, kichujio cha mafuta kilichoziba, au waya wa shaba wa kupeleka radi ardhini ambao umeibwa usiku.

Hali hii haikuanza leo. Historia ya mawasiliano mjini humu, ambayo sasa imepita miaka 100, inaonyesha jambo moja lililojirudia. Mitambo ilifunguliwa kwa sherehe na hotuba. Ikafa, si kwa sababu ilizeeka, bali kwa sababu mtu wa kuiangalia aliacha kuja.

Nguzo za reli na redio ya mfalme

Mji ulizaliwa pamoja na reli. Mwezi wa Septemba 1910 treni ya kwanza kutoka Rhodesia iliingia Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa hadi 1966. Kando ya reli zilisimama nguzo za telegrafu, maana treni mbili haziwezi kutumia njia moja bila stesheni kuambiana nani anatangulia. Waya ukikatika, treni inasubiri, na shaba ya Union Minière inasubiri pamoja nayo. Kwa hiyo kazi ya waya ilikuwa kazi ya kila siku: kufyeka majani, kubadilisha nguzo iliyoliwa na mchwa, kukaza waya uliolegea. Hakuna aliyeuliza kama kazi hiyo ni ya lazima, kwa sababu hasara ilionekana siku ileile.

Mbali na reli mambo yalikuwa magumu zaidi. Kati ya Katanga na bahari kuna safari ya zaidi ya kilomita 1,500 ya misitu, mito na mbuga, ambako waya uliangushwa na miti, dhoruba na hata tembo. Mfalme Albert wa Ubelgiji akamuunga mkono mtaalamu Robert Goldschmidt, aliyefanya kazi na injinia Raymond Braillard, ili wajenge vituo vya telegrafu bila waya. Kabla ya vita ya 1914, vituo hivyo vilikuwa vimejengwa kutoka Banana na Boma, karibu na bahari, hadi Elisabethville. Redio iliondoa kazi ya kufyeka chini ya waya, lakini haikuondoa kazi ya kutunza. Kila kituo kilihitaji mashine yake ya kutoa umeme, mlingoti wake mrefu, na mtu wa kuviangalia vyote viwili.

Vita ndani ya posta

Thamani ya mitambo hii ilionekana wazi wakati wa Katanga kujitenga, kuanzia tarehe 11 Julai 1960 hadi Januari 1963. Alfajiri ya tarehe 13 Septemba 1961, askari wa ONU walianzisha operesheni iliyoitwa Morthor. Kati ya mahali pa kwanza walipokwenda kukamata palikuwa posta na kituo cha redio. Mapigano makali yalifanyika katikati ya mji, pale ambapo hata leo wengi wanaendelea kupaita Place de la Poste. Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba, Katibu Mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akiwa safarini kwenda kuonana na Moïse Tshombe.

Kwa nini watu waliuana kwa ajili ya jengo la barua? Kwa sababu aliyeshika posta na redio alishika mawasiliano ya mji. Majeshi yalijua jambo ambalo serikali zilizofuata zilisahau: chumba cha mitambo ya simu ni kama moyo wa mji.

Moyo huo ulidai kazi nyingi za kimyakimya. Katika sentrali za simu za zamani, kila mwito ulipitia vipande vya chuma vilivyogusana na kuachana, na vumbi jekundu la kiangazi likiingia kati yake, namba haipiti. Mafundi walisafisha vipande hivyo kwa zamu. Chini ya barabara zilipita kebo za shaba zilizofungwa kwa karatasi na risasi. Maji yakiingia kwenye kiungo kimoja wakati wa masika, mtaa mzima unasikia mikwaruzo badala ya sauti. Betri nazo zilitaka kupimwa na kuongezwa maji safi yasiyo na madini. Ni kazi ambazo hakuna waziri anayekuja kuzikatia utepe.

Mji wa shaba unapoteza waya wa shaba

Wakati wa Mobutu, nchi ilipenda miradi mikubwa. Vilijengwa vituo 14 vya ardhini vya setilaiti ili kuunganisha miji mikubwa ya mikoa na Kinshasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukamalizika mstari wa umeme wa kutoka Inga hadi Kolwezi, wenye urefu wa kilomita karibu 1,700. Pesa za kujenga zilipatikana kwa mikopo. Pesa za kutunza zilitakiwa kutoka mfukoni kila mwaka, na mfuko ulikuwa unatoboka.

Kisha mambo yakaanguka pamoja. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka hadi karibu tani 30,000 mwaka wa 1994. Mwaka wa 1991 uporaji uliikumba miji ya Zaire, Lubumbashi ikiwemo. Pesa ya nchi ilipoteza thamani, na wafanyakazi wa serikali walikaa miezi mingi bila mshahara. Fundi asiyelipwa hawezi kununua nauli ya kwenda kukagua kebo, wala ofisi yake haina kipuri cha kumpa. Waya za shaba zikaanza kukatwa na kuuzwa kwa kilo. Mji uliojengwa juu ya shaba ukashindwa kutunza shaba iliyobeba sauti yake.

Matokeo yake yanahesabika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi nzima, yenye watu karibu milioni 50, ilibaki na laini za simu za waya karibu 10,000 tu. Wengine wote walitegemea foni, yaani redio za masafa marefu. Familia ilipanga foleni kwenye chumba kidogo, ikilipa ili izungumze na ndugu wa Mbuji-Mayi au Kinshasa, huku kila mtu aliye chumbani akisikia habari za msiba, deni au ndoa. Hapo ndipo wazee wengi walipojifunza maana ya kukosa simu: si kukosa anasa, ni kukosa siri na kukosa habari kwa wakati.

Minara na hesabu ya siku kumi

Simu za mkononi zilianza Kinshasa mwaka wa 1986, kampuni ya Telecel ya Miko Rwayitare ilipofungua huduma kwa matajiri na wakubwa wa serikali. Mwananchi wa kawaida alisubiri zaidi ya miaka kumi. Wakati wa vita, mfanyabiashara kutoka Gambia, Alieu Conteh, alianza mtandao wake Kinshasa. Wataalamu wa nje walipoogopa kuja, aliwatumia watu wa mahali pale kukusanya vyuma chakavu na kuvichomelea kuwa mnara. Mwaka wa 2000 ikaja Celtel, ambayo leo ni Airtel, na baadaye Vodacom ikaungana na Conteh. Katika muda mfupi foni zilianza kufungwa.

Wengi walidhani kwamba simu isiyo na waya haina matengenezo. Ni kosa lilelile la mwaka wa 1914. Mnara mmoja ni kama nyumba yenye wagonjwa wengi. Pale ambapo umeme wa SNEL haufiki au unakatika sana, jenereta inachukua kazi. Jenereta za aina hiyo kwa kawaida zinadai kubadilishiwa oili na kichujio kila baada ya saa 250 za kazi. Ikiwaka usiku na mchana, saa 250 zinaisha kwa siku kumi na kitu. Maana yake fundi anatakiwa kufika karibu mara tatu kwa mwezi, barabara iwe kavu au iwe matope. Akikosa mara moja, mashine inavumilia. Akikosa mara tatu, injini inakwama.

Betri nazo zina sheria yake. Joto la chumba likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi kumi, maisha ya betri ya risasi yanapungua karibu nusu. Kwa hiyo kichujio cha hewa kilichojaa vumbi la Agosti, kitu cha kuoshwa kwa dakika chache, kinaweza kuua betri za bei kubwa kabla ya masika. Kisha kuna boliti za kukazwa, rangi ya kuzuia kutu, taa nyekundu ya juu inayoonya ndege, na waya wa ardhini wa kupimwa kabla radi za Katanga hazijaanza. Kazi hizi sasa nyingi zinafanywa na kampuni za minara, kama Helios Towers, na kampuni ndogo zinazokodiwa, wala si na kampuni ambayo jina lake linaonekana kwenye simu ya mteja.

Meli inayolipwa kusubiri

Hata mbali na Katanga somo ni lilelile, maana intaneti ya nchi inategemea pia kebo za baharini. Tarehe 6 Agosti 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari katika korongo la mto Kongo ukakata kebo mbili, WACS na SAT-3. Mwaka wa 2020 korongo hilohilo lilikuwa limekata kebo pia. Hakuna fundi anayeweza kuzuia mlima wa matope chini ya bahari. Lakini kuna meli, Léon Thévenin, ambayo makao yake ni Cape Town, na wenye kebo wanailipia ikae tayari hata pale ambapo hakuna kilichoharibika. Mwaka huo wa 2023 ndiyo iliyokwenda kuunganisha. Hiyo ndiyo maana ya matengenezo ya kawaida: kulipa kabla ya ubaya, kwa kitu ambacho mkubwa wa hesabu anaweza kukiona kama pesa ya bure.

Leo hasara ya kuacha ni kubwa kuliko ya mwaka wa 1991. Tangu M-Pesa ilipofika Kongo mwaka wa 2012, ikifuatana na Airtel Money na Orange Money, mnara hubeba pia mshahara, ada ya shule na dawa ya mgonjwa. Mama muuza unga wa mahindi sokoni Kenya, rezo ikiondoka, hakosi salamu peke yake. Anakosa mauzo ya siku.

Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 ipo, na ARPTC ndiyo yenye kazi ya kusimamia makampuni. Viongozi wanapotangaza minara mipya, swali la wakaaji lisiishie kwenye idadi yake. Waulize: nani atarudi baada ya siku kumi, na nani anakagua kama alirudi? Na mtaani kila mmoja anayo sehemu yake. Anayenunua waya wa shaba au betri ya mnara kwa bei ya chee anajizimia simu yeye mwenyewe na jirani zake.

Katika kibanda kilicho chini ya mnara, kwa desturi ya kazi hii, kuna daftari. Fundi anaandika tarehe, saa za jenereta, kiasi cha mazuti na alichobadilisha. Ukitaka kujua kama mtaa utakuwa na rezo masika yajayo, usitazame juu ya mnara. Tazama tarehe ya mwisho katika daftari hilo.